Baitul-Mali si Nyumba: Darasa ya Amana katika Kazi za Watu Wote

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na wema, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu ya baada ya sala ya alasiri, tulipokuwa twasoma mlango wa wakfu, kijana mmoja katika wanafunzi aliuliza: "Maalimu, lipi lililo bora: mali ya watu ishikwe na mcha Mungu asiyekuwa na daftari, au ishikwe na mtu wa kadiri katika dini, lakini ana daftari na yuko wa kumkagua?" Wenziwe wakacheka, wakadhani ni mzaha. Mimi sikucheka, wala sikumjibu siku ile. Nalimwambia asubiri, kwani swali lile nalijua tangu ujanani, na jawabu yake naliipata kwa njia nisiyoipenda, kama mtakavyosoma mbele. Basi kijitabu hiki ndicho jawabu niliyomwahidi.

Wala msidhani, ndugu zangu, ya kuwa hili ni swali la watoto wa chuoni. Watu wa hekima na wanazuoni wamelizungumza kwa zaidi ya miaka elfu, na wamekhitalifiana hata katika namna ya kuliuliza. Wako waliouliza: nani apasaye kutawala? Na wako waliouliza: kazi ya kutawala hufanywaje, na akikosea mwenye kuifanya, nani atajua? Maswali haya mawili yafanana kwa mtu asikiaye kwa mbali, nayo ni mbali mbali kabisa.

Katika waliouliza swali la kwanza, mkubwa wao kwetu sisi Waislamu ni Abu Nasr Al-Farabi, aliyekufa Damascus mwaka 339 Hijria, nao ni 950 Miladia. Yeye alivisoma sana vitabu vya Wayunani, na katika habari za utawala alifuata zaidi mwendo wa Aflatun. Aliandika kitabu juu ya rai za watu wa mji ulio bora, na humo akaufananisha mji na mwili wa mtu mzima wa afya: kila kiungo kina kazi yake, na vyote vyautumikia moyo. Moyo wa mji ni mkuu wake. Kisha akahesabu sifa kumi na mbili ambazo mkuu huyo huzaliwa nazo: uzima wa viungo, fahamu nyepesi, hifdhi, ufasaha wa ulimi, kupenda elimu, kupenda ukweli na kuchukia uwongo, kuidharau dinari na dirhamu, kupenda uadilifu, na nyinginezo. Na juu ya sifa hizo za kuzaliwa nazo, akaongeza sharti za kuchuma ukubwani, na ya kwanza yake ni hekima.

Wala hakuwa mtu wa ndoto. Alijua ya kuwa sifa zote hizo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja, na akasema: zikikosekana kwa mmoja, na wakapatikana wawili, huyu ana hekima na huyu ana sharti zilizosalia, basi watawale wote wawili, na zikitawanyika kwa watu kadhaa nao wakapatana, hao ndio wakuu. Walakini ikikosekana hekima, mji ule hauna mfalme, hata akiwapo mtu aliyekalia kiti, na haukawii kuangamia.

Haya ni maneno makubwa, na mimi nayaheshimu. Na lau mtatazama vizuri, mtaona ya kuwa wengi katika sisi ni wafuasi wa Al-Farabi bila ya kupata kulisikia jina lake. Nendeni baraza yoyote baada ya isha, msikilize watu wanavyoilaumu serikali, au jumuiya yao, au kamati ya madrasa. Utasikia: hatuna mtu. Lau tungempata mtu mwema, mambo yangelinyooka. Na akipatikana mtu mwema hupewa kila kitu, ufunguo na muhuri na kasha, kisha wote hurudi majumbani kulala. Al-Farabi ametueleza moyo wa mji uwe namna gani. Hakutueleza nani atakayehesabu fedha siku ambayo moyo umeshikwa na maradhi.

Hilo alilishika mwengine, naye ni wetu: Abul-Hasan Ali bin Muhammad Al-Mawardi, mtu wa Basra, Shafi'i, kadhi, aliyekufa Baghdad mwaka 450, nao ni 1058. Zama zake zilikuwa zama dhaifu. Khalifa alikuwako Baghdad kwa jina, na nguvu zilikuwa mikononi mwa maamiri wa Kibuwaihi. Yamkini ndiyo sababu hakukaa akingojea mkuu mwenye sifa kumi na mbili. Alikiandika kitabu chake cha Al-Ahkam As-Sultaniyya kwa milango ishirini, na mtu akitazama fahirisi yake tu atastaajabu. Mlango wa uimamu ni mmoja. Milango iliyobaki ni ya kazi: uwaziri, uliwali, ukadhi, kutazama madhulumu, kusalisha watu, kuongoza mahujaji, kukusanya sadaka, kharaji, kufufua ardhi iliyokufa na kutoa maji, madiwani ya hesabu, adhabu, na wa mwisho ni hisba. Kila kazi ameieleza ni nani aifaaye, mipaka yake ni ipi, na ni lipi limvualo mtu kazi hiyo.

Na msiseme: aliandika hayo akiwa amejificha nyuma ya vitabu. Mwaka 429 Jalalud-Daula, aliyekuwa akiitawala Baghdad, alitaka aitwe Mfalme wa Wafalme. Wako mafakihi waliomhalalishia. Al-Mawardi alikuwa rafiki yake na mtu wa karibu naye, naye akatoa fatwa kwamba haijuzu. Kisha akakaa nyumbani kwake kwa khofu, haendi tena kwa mfalme, hata siku ya Idi akaitwa. Akaenda akitetemeka. Jalalud-Daula akamwambia kwa maana hii: najua ya kuwa lau ungelimpendelea mtu ungelinipendelea mimi, kwa vile tulivyo, basi lililokufanya unikhalifu ni haki tu, na cheo chako kwangu kimezidi. Kisa hiki nimekileta ili mjue ya kuwa mtu aliyeeleza mipaka ya kazi, naye aliushika mpaka wa kazi yake.

Sasa tuje kwenye kiini. Al-Mawardi amehesabu mambo kumi yampasayo imamu, na la kumi ni kwamba asimamie mambo kwa nafsi yake na kuyapeleleza, asiyaachie watu wengine kisha yeye akajishughulisha na ladha za dunia au na ibada. Kwani aliyeaminiwa huenda akageuka, na yule umdhaniye kuwa akunasihi huenda akakughushi. Liangalieni neno la ibada. Hakusema ladha peke yake. Mtu aliyeshika kazi ya watu, akaiacha bila kuitazama kwa sababu ya kukesha akisali, hesabu yake kwa watu ni sawa na aliyekesha akicheza. Neno hili nalilisoma kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nikalipita. Sikujua ya kuwa linanihusu.

Na katika kitabu hicho hicho, katika habari za diwani, ameeleza baitul-mali ni kitu gani, na hapa ndipo napenda msomaji asimame. Watu hudhani baitul-mali ni nyumba, ina mlango wa chuma na kufuli na askari. Yeye asema kwa maana hii: baitul-mali ni jina la jiha, si jina la mahali. Kila mali wanayoistahiki Waislamu, wala haina mwenyewe maalumu, ni ya jiha hiyo tangu inapoingia mkononi mwa mwenye kuipokea, iwe imekwisha tiwa hazinani au haijatiwa. Na kila haki ya kutolewa kwa maslaha ya Waislamu ni deni juu ya jiha hiyo.

Jiha ni nini? Ni upande. Si mtu, wala si jengo. Amili aliyeko njiani juu ya punda, na mfuko wa kharaji u kiunoni mwake, baitul-mali iko juu ya punda yule. Na nyumba ya hazina ikiwa tupu kwa sababu fedha zimeliwa, baitul-mali haikuondoka; yaendelea kumdai aliyezila. Hii ni falsafa kubwa katika maneno machache. Leo watu wakisema "taasisi ya umma" hutazama bango lililo mlangoni. Shule, hospitali, bandari, mahakama, kamati ya msikiti: jengo laweza kuungua, mkubwa wake aweza kufa, na upande ule wenye kudai na kudaiwa ungali uko. Lakini wawezaje kujulikana upande usio na umbo? Haujulikani ila kwa maandishi na mashahidi. Daftari ndilo umbo lake.

Na sasa nieleze kisa changu.

Nilipokuwa kijana nalisomesha katika msikiti mmoja ambao sitautaja jina wala mji wake. Ulikuwa na wakfu wa maduka matatu na shamba dogo la minazi. Nadhiri wake alikuwa mzee ambaye sijapata kumwona mfano wake kwa ucha Mungu. Safu ya kwanza haikumpita. Mpangaji alimpa kodi baada ya magharibi, akaitia katika mfuko wa kanzu. Muadhini akitaka mshahara, alimpa kutoka mfuko ule ule. Ikija hesabu ya umeme au mikeka, vile vile. Yote alikuwa nayo kichwani, na kichwa chake kilikuwa kizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua. Mara mbili nalikusudia kumwambia, "Baba, niruhusu nikufungulie daftari," na mara mbili nikaona haya. Naliona kumtaka hesabu mtu wa umri wa baba yangu ni ukosefu wa adabu.

Akafa ghafla, usiku wa kuamkia Ijumaa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya matanga, wanawe wakafungua kasha lake mbele yetu. Tukakuta mafurushi matatu ya fedha yaliyofungwa kwa vitambaa. Moja likawa ni la wakfu, sisi wote tukiyakini hivyo. Moja likawa ni la mayatima wa jirani, aliyoachiwa amana, na jambo hili watu walilijua. Na moja ni lake mwenyewe. Lakini lipi ni lipi? Yalikuwa mbali kwa wingi, wala hapana hata herufi moja juu yake. Mpangaji mmoja akaja akasema amekwisha lipa miezi sita ya mbele. Wa pili akasema alitengeneza paa kwa mali yake kwa ahadi ya kukatiwa katika kodi. Mtu wa tatu akaja akasema amekodishwa minazi miaka miwili. Huenda wote walisema kweli. Huenda hapana aliyesema kweli.

Fedha hazikupotea, ndugu zangu. Zilikuwako, tukaziona kwa macho yetu. Kilichopotea ni jiha yake.

Katika fikihi yetu, mwenye kushika amana akipatwa na maradhi ya kukhofiwa yampasa airudishe, au akikosa wa kumrudishia aiusie na kuibainisha. Asipofanya huidhamini, ila akifa ghafla, kwani hapo hakupata nafasi. Basi sharia ilimwondolea mzee yule dhamana. Ndimi za watu hazikumwondolea. Walianza kwa kunong'ona, wakaishia kusema waziwazi ya kuwa watoto wamekula wakfu. Mwanawe mkubwa akatoa katika fungu lake la urithi akalipa kila aliyedai, wa msikiti na wa mayatima na wapangaji, ili jina la baba yake litulie. Kisha asionekane tena katika msikiti ule. Mzee aliyesali safu ya kwanza miaka arubaini, mwanawe aliukimbia msikiti kwa sababu yake, na sababu ya sababu ni daftari la bei ya kikombe cha kahawa, ambalo mimi niliona haya kulinunua.

Yuko atakayeniambia: kumtaka mtu hesabu ni kumdhania vibaya, na dhana mbaya imekatazwa katika Suratul Hujurat. Hii ndiyo haya yangu ya ujanani, na naijua vizuri. Jawabu yake ni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Waliosemezwa humo ni walioamini, si wezi. Wameamrishwa waandike lililo dogo na lililo kubwa, na aya yenyewe imetoa sababu: kufanya hivyo ni karibu zaidi na kutotia shaka. Basi maandishi hayaleti dhana mbaya. Ndiyo yaizuiayo isizaliwe. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa katika itikafu, Bibi Safiyya mkewe alikwenda kumzuru usiku, naye akaondoka kumsindikiza. Wakapita wanaume wawili wa Kiansari, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha akawajulisha ya kuwa yule ni Safiyya. Wakaona ni jambo kubwa kudhaniwa kwamba wangemdhania. Akawaeleza ya kuwa Shetani hupita katika mwanadamu kama ipitavyo damu, akakhofu asiwatie kitu nyoyoni. Ikiwa yeye, ambaye hapana wa kumtuhumu, alitoa maelezo kabla ya kuulizwa, nani katika sisi aliye mkubwa mno hata asionyeshe risiti?

Na mashekhe wetu waliosherehesha Minhaj ya Imamu Nawawi hawakuliacha jambo hili. Wamesema: nadhiri wa wakfu akidai ya kuwa amewapa wenye kustahiki, na hao wakawa ni watu maalumu, basi neno ni lao, na wana haki ya kumtaka hesabu. Wakiwa si maalumu, kama mafakiri, je, imamu ana haki ya kumtaka hesabu? Kuna kauli mbili, na iliyo na nguvu kwao ni kwamba anayo. Katika kadiri aliyoitumia husadikiwa ikiwa yaelekea, na hakimu akimtuhumu humwapisha. Basi kutaka hesabu ni haki iliyoandikwa. Na Minhaj yenyewe imemshurutizia nadhiri mambo zaidi ya uadilifu: imeshurutiza pia kifaya na kujua namna ya kuendesha. Uadilifu bila ya uwezo hautoshi. Abu Dharri, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliomba kazi ya utawala. Nani katika sisi atajipima kwa zuhudi ya Abu Dharri? Mtume akamjulisha ya kuwa yeye ni dhaifu, na kazi ile ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake.

Tumetoka katika mambo ya misikiti, na turudi katika mambo ya dola, kwani kanuni ni moja. Tofauti ni ukubwa wa mfuko.

Mtume alimtuma mtu aitwaye Ibnul-Lutbiyya kukusanya sadaka. Aliporudi akagawa: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu ni kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi ingemfuata. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sasa tazameni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, sura ya sita. Kifungu cha 73 chasema ya kuwa mamlaka ya mwenye kazi ya dola ni amana ya umma. Kifungu cha 76 chasema ya kuwa zawadi apewayo mwenye kazi ya dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi ya Jamhuri, ipelekwe serikalini, ila iliyoruhusiwa kwa sheria. Walioiandika sijui kama walimkumbuka Ibnul-Lutbiyya. Hukumu ni ile ile.

Na Seyyidna Umar alikuwa akimwandikia amili mali zake siku ya kumpa kazi, ili zikizidi aulize zimetoka wapi. Na alikuwa akimtuma Muhammad bin Maslama kwenda kuwachunguza maamili walipo. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, yenye kuwataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao. Nimewasikia watu wetu wakiyaita mambo haya ya ukaguzi kuwa ni mambo ya Kizungu. Basi wajue: Abu Huraira alikuja kutoka Bahrain na mali, Umar akamwuliza kiasi gani, akajibu dirhamu laki tano. Umar akaziona nyingi, akamwuliza kama ajua asemalo. Akamhesabia laki moja mara tano. Umar akapanda mimbari akawashauri watu: tuwapimie au tuwahesabie? Mtu mmoja akasema amewaona Waajemi wana diwani waandikamo. Umar akaifanya diwani. Wapokezi wamekhitalifiana mwaka, wako wasemao 15 na wako wasemao 20 Hijria. Jambo lenyewe Umar hakulikataa kwa kuwa ni la Waajemi, na wakati ule walikuwa maadui wa vitani.

Lakini daftari nalo laweza kusema uwongo. Karani aweza kuandika mikeka kumi, na iliyotandikwa ni saba. Al-Mawardi alilijua hilo. Katika kazi za diwani ameitaja kuwahesabia maamili na kutazama mashtaka ya waliodhulumiwa, na katika mlango wa mazalim amehesabu mambo ambayo mwenye kutazama madhulumu huyaingilia bila kungoja mshtaki: maliwali wanaowaonea raia, watoza kodi wanaozidisha, na makarani wa madiwani wenyewe. Kisha akaongeza wakfu za umma: hizo nazo hukaguliwa hata asipokuja mtu kulalamika, ili zipitishwe katika njia yake na kwa sharti za mwenye kuziweka. Kwa nini asingojewe mshtaki? Kwa sababu mali isiyo na mwenyewe maalumu haina wa kuilia. Mtu akiibiwa mbuzi wake hupiga kelele usiku ule ule. Mbuzi wa watu wote akiibiwa, kila mmoja humngojea mwenziwe apige kelele.

Na baraza ya mazalim hakuiacha kwa mtu mmoja. Ameshurutiza wahudhurie walinzi wa kumrudi mkaidi, makadhi wa kueleza haki ilivyothubutu, mafakihi wa kuulizwa lililofichika, makarani wa kuandika yaliyopita, na mashahidi wa kushuhudia hukumu. Kazi hiyo, kwake, yakusanya nguvu za sultani na insafu ya kadhi. Hapa ndipo serikali zetu za leo zipungukiwapo, kwa rai yangu. Wakaguzi wa hesabu wako, Tanzania na Kenya, na kila mwaka ripoti zao hutoka, zasomwa barazani, watu hushangaa kwa juma moja. Makarani wamefanya kazi yao. Wale walinzi wa kumrudi mkaidi ndio watafutwao.

Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima yake mwaka 779, nao ni 1377, ameeleza mwisho wa mambo haya, nami nitamtaja kwa ufupi. Watu wakiona mali zao huchukuliwa, huacha kufanya kazi. Wakiacha kazi, masoko husimama. Masoko yakisimama, kodi hupungua. Kodi ikipungua, mtawala huongeza mzigo. Dola mwanzoni mwake hutoza kidogo ikapata kingi, na mwishoni mwake hutoza kingi ikapata kidogo. Yeye alikuwa kadhi na mtu wa serikali, alikula na wafalme na akafungwa na wafalme, wala hakusimuliwa.

Sasa namjibu kijana wangu. Swali lako lina kosa moja: umeliweka daftari upande mmoja na ucha Mungu upande mwengine, kana kwamba mtu huchagua. Mcha Mungu aliyeshika mali ya watu asiiandike, ucha Mungu wake una tundu, kama nilivyoliona kwa macho yangu mbele ya kasha lililofunguliwa. Lakini ukinishikilia nichague hivyo hivyo ulivyouliza, namchagua wa pili, maadamu si fasiki. Kwani fasiki hakuruhusiwa tangu awali. Wa kwanza nitamwomba aniombee dua. Mali si yangu hata niitoe kafara kwa kumstahi mtu, na waliolipa gharama ya haya yangu walikuwa ni mayatima na mtoto wa watu.

Katika msikiti nisalishao leo, daftari la wakfu lafungwa kwa kamba kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kutawadhia, yeyote aweza kulifungua. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, husomwa yaliyoingia na yaliyotoka, na wawili katika jamaa, wasiokuwa katika kamati, hutia sahihi. Mwezi uliopita mvuvi mmoja mzee alisimama akauliza: "Sheikh, chokaa ya mwaka huu mbona imezidi ya mwaka jana, na ukuta ni ule ule?" Wengine wakamvuta kanzu akae. Nikawaambia wamwache. Tukatafuta risiti, tukaona karani amehesabu mifuko miwili mara mbili kwa kukosea, na muuzaji akarudisha fedha siku ya Jumatatu. Jina la mvuvi yule nimeliandika katika daftari, pambizoni, mbele ya fedha zilizorudi.

Katika kijitabu kijacho, inshallah, tutasoma mlango wa hisba: mizani za sokoni, na nani apasaye kuzitazama. Wallahu aalam.